Mtani, Hukufika Sikonge kwa Umeme

Mtani wangu Mrisho,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikuwepo, na udongo ulio juu yako mwingine niliutia kwa mkono wangu. Nakuandikia kwa sababu nina neno nililolibeba miaka mingi, na kila nilipotaka kulitua ulikuwa unacheka, au unakula, au umejiingiza chini ya lile gari lako inaonekana miguu tu. Sasa umetulia na huwezi kunikatiza. Kumpata Mnyamwezi katika hali hiyo si jambo la kila siku.

Lakini kwanza habari za nyumbani. Mama Tatu hajambo, bado yumo katika eda. Mvua ya kwanza ilipoanguka alitoa ndoo zote nje, akazipanga chini ya bati, zikajaa, akafua. Alifua shuka, akafua mapazia, akafua hata mazulia yasiyokuwa na kosa lolote. Aliniambia kwamba tangu umuoe hajawahi kugusa maji ya mvua, kwa sababu kila tone lililoshuka kwenye bati lako lilikuwa la betri. Akiomba ndoo moja achemshie maharage, unamwambia betri zina kiu. Basi siku hiyo alifua mpaka akamaliza. Kisha akakaa mkekani akalia, akasema ungerudi hata saa moja tu angezitoa ndoo zote hizo betri zinywe mpaka zishibe. Nikamsaidia kuanika mapazia.

Habari za umeme, najua ndizo unazozingoja. Pikipiki za umeme zimeshafika hapa Tabora. Vijana wa pale karibu na stesheni wanazo mbili, zinakuja nyuma ya mtu kimyakimya kama paka anayefuata dagaa. Bi Zuhura wa maandazi nusura agongwe. Alipopata pumzi alisema pikipiki hiyo haina malezi, inaingia mahali bila kubisha hodi. Nilicheka, halafu nikageuka upande wangu wa kushoto nikuone umecheka vipi, ndipo nikakumbuka.

Na treni ya umeme nimepanda, mtani. Nilikwenda Dar kwenye harusi ya mpwa wangu, nikaidandia kutoka Dodoma. Nilikaa kitini nimevaa koti lako lile la kahawia, ili na wewe uwemo. Nikamuuliza dada mmoja mhudumu, mpole, betri zake zimefungwa wapi, maana sikuziona. Akaniambia, "Baba, haina betri. Inavuta umeme kwenye ule waya wa juu." Nikatazama nje, kweli, waya umenyooshwa kutoka nguzo mpaka nguzo, safari nzima. Yaani treni kubwa namna ile, ya kisasa, nayo imeshikwa na kamba. Moyo wangu ulipata nafuu ambayo dada yule asingeweza kuielewa. Wewe utaielewa ukifika chini ya barua hii.

Nikurudishe nyuma kidogo. Unakumbuka ghala la tumbaku tulikokutana? Mimi nilikuwa kuli, Mzaramo niliyetoka pwani na sanduku moja la bati, wewe ndiye fundi umeme. Siku ya kwanza tu uliponiuliza kabila, ukafurahi kama umeokota kitu. Ukanieleza mbele ya watu kwamba babu zako walitembea na mizigo kichwani kutoka huku Unyanyembe mpaka kwetu, na babu zangu walikuwa wamekaa tu wanawasubiri wawauzie maji. Nikakujibu kwamba babu zangu waliwahurumia, maana waliona watu wazima wamebeba mizigo isiyo yao safari ya miezi na bado wanaimba. Utani wetu ukaanzia hapo, tukaurithi kama wengine wanavyorithi shamba.

Mle ghalani ndimo ulimopatia ugonjwa wako. Kulikuwa na ile mashine ya kunyanyulia marobota, ya betri, iliyokuwa ikipita katikati ya tumbaku bila moshi wala kelele. Wenzetu waliona mashine. Wewe uliona mchumba. Ulikuwa ukibaki baada ya kazi unaipangusa, unaitazama, unaniambia, "Kondo, siku moja watu wote watatembelea hiki." Nami nilikuwa nikikuambia kwamba Wanyamwezi mmechoka kutembea, sasa hata kukanyaga moto wa gari mnaona ni taabu.

Mashine ilipochakaa ukaiomba, wakakupa. Ukatafuta bodi la pikapu isiyo na injini, ambamo kuku wa jirani walikuwa wakitagia, ukawahamisha kuku kwa mabishano makubwa. Ukafunga mota ya ile mashine, ukapanga betri nane za lori, na baada ya miezi ambayo Mama Tatu hapendi kuikumbuka, gari likatoka uani. Halikunguruma, halikukohoa, halikutoa chochote ila mlio mdogo wa mbu. Watoto wa mtaa wakaliita Bubu. Ulichukia siku mbili, halafu ukaliita Bubu wewe mwenyewe.

Mwendo wake ulikuwa wa bwana harusi. Tulikwenda nalo Ntalikwa kuchukua mahindi, tukapitwa na mtu wa baiskeli aliyebeba kitanda. Alipotupita aligeuka akatusalimia. Na nikuambie leo, kwa kuwa huwezi kunirushia spana: gari lile nimelisukuma mimi kuliko ulivyoliendesha wewe. Jozi tatu za sandali zangu ziliishia nyuma ya Bubu.

Ndipo ukaja na la Sikonge.

Ulisema kilomita sabini na kitu si mwisho wa dunia, babu zako walikwenda mara kumi ya hapo na pembe begani. Bubu atafika Sikonge kwa chaji moja. Ulitangaza msikitini, ukatangaza sokoni, ukamwambia hata padri aliyekuja kutengenezewa pasi. Tatu alikuwa darasa la nne, akawaambia shule nzima. Siku mbili kabla ya safari hukulala, ulikuwa unapima maji ya betri, unakaza nyaya, unapima tena. Tulipoondoka alfajiri macho yako yalikuwa mekundu kama ya mvuta tumbaku mbichi.

Bubu alikwenda, nisimsingizie. Barabara ilikuwa bado ya vumbi, lakini tulikwenda, polepole, miombo huku na huku, na wewe unahesabu kilomita kwa sauti. Kwenye ya arobaini ukaniachia usukani. Ukapanda nyuma, ukajilaza juu ya mkeka karibu na sanduku la betri, ukajifunika shuka nyeupe kutoka utosini mpaka miguuni kwa ajili ya vumbi, ukasema unapumzisha macho kidogo tu. Ulikoroma kabla sijabadilisha mshiko.

Mtani, kwenye ya hamsini na nane Bubu alikufa. Hakuzimika kwa ghafla. Alipunguza, akapunguza, akasimama, kama mtu mzima aliyeamua kukaa. Nikakanyaga, hakuna kitu. Nikashuka, nikakutazama, umelala na mdomo wazi chini ya shuka, shuka inapanda na kushuka. Nikafikiria kukuamsha. Nikafikiria msikiti, na soko, na padri na pasi yake, na shule nzima ya Tatu. Sikuweza.

Hapo ndipo alipotokea Msukuma mmoja, jina lake Masanja, anaswaga ng'ombe wawili wa kulimia, na nira bado iko shingoni mwao. Nikamwonyesha gari kwa mikono, nikaweka kidole mdomoni asipige kelele. Alitazama nyuma ya gari, akavua kofia yake, hakuuliza hata swali moja. Tukafunga kamba. Na hivyo, mtani wangu, fundi mkuu, baba wa umeme wa Unyamwezi, ulikokotwa na ng'ombe wawili kilomita kumi na mbili, saa tatu nzima, mimi nimeshika usukani jasho linanitoka na gari lenyewe limezimwa.

Katikati ya njia ulijigeuza. Hukufunua shuka. Ulisema tu, kwa sauti ya usingizi, "Unasikia, Kondo? Kimya kabisa. Huo ndio umeme."

Nikasema, "Ndiyo."

Ndiyo hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilishangaa tu kwamba papo hapo ng'ombe waliongeza mwendo, na Masanja hakugeuka nyuma tena mpaka mwisho. Tulipoona nyumba za kwanza za Sikonge alifungua kamba haraka haraka na kuondoka bila kuaga, nikasema moyoni kwamba huyu mtu hana adabu. Betri nazo, kwa kuwa zilikuwa zimepumzika saa tatu, zilipata nguvu kidogo, kama unavyojua tabia ya betri. Nikakanyaga, Bubu akaguna. Ukaamka, ukarukia usukani, ukaingia Sikonge unapiga honi, watoto wanakimbia nyuma yako. Nilikutazama uso. Mrisho, sijawahi kumwona mtu mwenye furaha ile, wala kwenye harusi yako mwenyewe, na nisamehewe na Mama Tatu. Nani angefungua mdomo?

Tuliporudi ukaandika mlangoni mwa Bubu kwa rangi nyekundu: TABORA–SIKONGE KWA CHAJI MOJA. Na kwa miaka yote iliyofuata, kila mgeni, kila mpita njia, kila mtu aliyekuja kuazima koleo, alihadithiwa. Ukimaliza unanigeukia: "Au siyo, mtani?" Nami najibu ndiyo. Nadhani hakuna Mzaramo aliyewahi kukubaliana na Mnyamwezi mara nyingi hivyo. Watu wenye akili wangeshtukia kwa hilo peke yake.

Sasa nisikilize kuhusu siku ya mazishi. Mtani ana kazi yake msibani, na niliifanya. Wengine wote walikuwa na ruhusa ya kulia ila mimi. Nilivaa ovaroli yako, nikajipaka oili usoni, nikatembea nimeinama vile ulivyokuwa ukitembea, nikampima Shehe kwa waya kama betri nikasema huyu amebakiza nusu. Jeneza lilipotoka nikapanda juu ya Bubu pale mlangoni, nikasema halipiti mpaka gari liwake au nipewe jogoo. Nikapewa jogoo. Watu walicheka na machozi yakiwatoka, na ndivyo inavyotakiwa.

Nikaona hii ndiyo nafasi. Nikutue mzigo, na mimi nitue wangu, uende mwepesi. Nikasimama juu ya Bubu nikasema kwa sauti yote: "Huyu mnayemlilia hakufika Sikonge kwa umeme! Aliishiwa chaji njiani, akakokotwa na ng'ombe wawili, yeye amelala!"

Mtani, walianguka. Walishikana mabega. Shehe alitazama pembeni mabega yake yanatikisika. Mama Tatu, ndani, kwenye uchungu ule, alisikika akicheka, wanawake wakamshika. Mzee mmoja akanipa mkono, akasema tangu azaliwe hajasikia utani wa msibani uliotungwa vizuri namna ile. Ng'ombe wawili! Nikawaambia ni kweli. Wakacheka zaidi. Nikaapa. Nilipoapa ndipo walipomalizika kabisa.

Nilishuka garini na mzigo wangu uleule, na jogoo juu yake.

Ningeuacha hapo. Ningekufa nao. Lakini mwanao Tatu hakuniruhusu.

Baada ya arobaini yako alileta guta nyumbani, lile la magurudumu matatu lenye kisanduku cha mizigo nyuma, lakini hili ni la umeme, jipya, bado lina nailoni kwenye kiti. Zuri, mtani, la kijani, na betri yake ni ndogo kuliko begi la shule. Nililigusa, nikawa nasikia sauti yako inaniambia nitoe mikono michafu. Tatu amechoka kununua asali ya sokoni iliyochanganywa na sukari. Ameelewana na wafuga nyuki wa Ipole wamletee asali yao Sikonge, na yeye awahi hapo kabla ya adhuhuri, aichukue, airudishe mjini siku hiyohiyo. Hao wazee wameshaachwa kwenye mataa na wanunuzi wengi. Walimwambia wazi kwamba asipotokea siku ya kwanza, hakuna ya pili.

Nikamuuliza kama guta linafika. Akasema muuzaji alimwambia linakwenda kilomita themanini likiwa tupu kwenye tambarare. Nikamwambia hiyo ni karibu mno, kuna vilima, kuna upepo, na yeye ana mwili, asimame njiani achaji. Akanicheka. "Shikamoo yako mtani, lakini umesahau? Kama Bubu wa baba na betri za lori alifika, na barabara ya vumbi, hili la kiwandani kwenye lami litashindwaje?"

Mwanao anaingia porini na neno lake kwa wazee wa watu, na anachokiamini ni ndiyo yangu.

Nikamkalisha chini. Nikamwambia taratibu, bila mzaha, bila ovaroli. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nilipofika kwenye ng'ombe. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtani, huachi tu! Hata matanga yameisha!" Nikamwambia Tatu, naapa. Akasema, "Na kule msibani uliapa."

Ona tulipofikia. Miaka yote nimesema uongo nikaaminiwa. Nimeanza kusema kweli, naonekana mchekeshaji.

Nikaona nitafute shahidi. Nikapanda pikipiki ya kijana mmoja, nikashuka kwenye ile njia, nikauliza kijiji baada ya kijiji mzee Masanja mwenye ng'ombe. Nikampata. Amezeeka lakini yupo, na kofia nadhani ni ileile. "Mwangaluka, baba," nikamsalimia kwa Kisukuma. Alinitambua kabla sijajieleza. Nikamwambia, kwa huzuni, kwamba yule mwenzangu tuliyekuwa naye siku ile amefariki.

Masanja alinitazama. Akasema, "Tena?"

Mrisho, mzee wa watu alidhani tulibeba maiti! Umefunikwa shuka nyeupe mwili mzima, umelazwa kwenye mkeka, na mimi nimeshika usukani na uso wa mtu aliyefiwa, natia kidole mdomoni. Ndiyo maana alivua kofia. Ndiyo maana hakupiga mluzi kwa ng'ombe wake njia nzima. Na uliposema "Huo ndio umeme," aliisikia maiti ikizungumza. Nikamuuliza alifanya nini. Akasema, "Nilisema si kazi yangu. Nikachapa ng'ombe." Anasema kwa wiki nzima hakupita njia ile jioni.

Nilikaa kwenye kigoda chake nikacheka mpaka wajukuu zake wakaja kunitazama. Nilikuhitaji sana saa hiyo. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani ambaye angeifaidi habari ile kuliko mimi, na ndiye pekee nisiyeweza kumpelekea.

Nikampigia Tatu simu nikampa Masanja aseme. Mzee akasema ukweli wake wote: alikokota maiti mpaka Sikonge, na maiti ikasifu umeme. Unadhani alisadikiwa? Tatu aliniambia baadaye kwamba nimetafuta mwenzangu mzuri.

Basi nikafanya lililobaki. Nikamwomba Masanja awe barabarani na ng'ombe siku ya safari, pale pale. Na nikamwambia Tatu kwamba nakwenda naye, apende asipende. Kamba niliificha chini ya kiti.

Tuliondoka asubuhi. Guta lile linakwenda, mtani, linakwenda kweli, nami nimeshika chuma cha pembeni na macho yangu kwenye kile kioo kidogo kinachoonyesha asilimia ya chaji. Tatu alikuwa anaimba. Mimi nilikuwa nasoma. Sabini. Hamsini na tano. Kwenye kilima kikashuka nne kwa mpigo, nikaguna, akaniuliza kama naumwa. Arobaini. Thelathini na moja. Pale ulipojilaza wewe siku ile, nilijikuta nimegeuka kutazama nyuma.

Kwenye ya hamsini na nane kilikuwa kinasema kumi na tisa, na Masanja amesimama kando ya lami na ng'ombe wake wawili, nira shingoni, wamepakwa hata mafuta ili wang'ae. Tatu akasimamisha guta amsalimie mzee, maana umemlea vizuri. "Shikamoo, babu." Masanja alivua kofia kwanza. Alikwenda nyuma ya guta akachungulia ndani ya kile kisanduku, akaona ni ndoo tupu, akashusha pumzi. Kisha akatuonyesha mahali, chini ya msufi mmoja uliopinda, akasema, "Hapa ndipo nilipomchukua baba yako. Pole, mwanangu. Sikujua ni mzima."

Mtu anaweza kutunga maneno, mtani. Kile kitendo cha kuchungulia ndoo hakitungiki. Nilimwona Tatu anakitazama, halafu ananitazama mimi. Na mimi nilikuwa nalia. Sikujua nimeanza saa ngapi. Siku ya kukuzika sikulia kwa sababu haikuwa kazi yangu, na siku ya tatu sikulia, na arobaini nilipika pilau. Nililia pale barabarani, mbele ya ng'ombe, kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilikulilia wewe, na ile ndiyo, na kwamba nilikuacha ukaondoka bila kujua.

Tatu alishuka. Akaniuliza polepole, "Kwa hiyo baba alikuwa amelala?"

"Amelala."

"Njia yote?"

"Aliamka mara moja akausifia ukimya."

Akafunika mdomo kwa khanga. Nilidhani analia, na alikuwa analia, lakini kicheko kilikuwa kinamtoka pembeni, kile chako, kinachoanzia puani. Alijishika kwenye pembe ya ng'ombe asidondoke. Masanja, bila kuelewa, naye akacheka. Tukawa watatu barabarani, malori yanatupita yanapiga honi.

Alipotulia nikamwambia basi tufunge kamba, saa zinakwenda, wazee wa Ipole wanangoja. Akakitazama kioo, akamtazama Masanja. "Asante, babu. Tutajaribu hizi za mwisho wenyewe." Na tukaenda. Mtani, sijawahi kuomba dua ndefu kwa jambo la kiufundi. Kumi na mbili. Tisa. Alizima redio, akapunguza mwendo, kwenye mteremko akaliachia lijiendee lenyewe. Tuliingia Sikonge kioo kinasema tatu, saa tano na nusu, na wazee wamekaa juu ya ndoo zao za asali wanatutazama kwa macho ya watu waliozoea kudanganywa. Walisimama wote. Mmoja alilipima guta kwa kuligonga kwa kidole, akauliza injini yake iko wapi.

Tulipokuwa tunangoja chaji, tunakula wali na maharage, nikamuuliza Tatu tufanye nini na maneno ya mlangoni mwa Bubu. Nilikuwa tayari kuyafuta mwenyewe. Akafikiri, akalamba kijiko. "Imeandikwa Tabora–Sikonge kwa chaji moja. Alitoka Tabora?" Alitoka. "Akafika Sikonge?" Akafika. "Njiani alichaji?" Hakuchaji. "Basi. Ng'ombe hawachajiwi." Ni mwanao, Mrisho. Hakuna haja ya kupima.

Tuliporudi, ndoo zimejaa, jua limeanza kuinama, Tatu akasimamisha guta mwanzo wa miombo. Akasema mabega yanamuuma. Akanipa usukani. Akapanda nyuma, akapata nafasi kati ya ndoo za asali, akajilaza, akajifunika khanga mpaka usoni. Mimi nimesimama pale na funguo mkononi. Alijua nilivyomfanyia baba yake amelala, na bado alilala. Nikaendesha. Nilikuwa naogopa hata kukohoa.

Baada ya mwendo kidogo nikasikia sauti yake chini ya khanga, nzito, karibu ya usingizi. "Mtani. Huo ni umeme, au ng'ombe?"

Nikamwambia, "Ni umeme, mama."

"Na ukiisha?"

"Nitakuamsha."

Akalala. Alilala mpaka taa za Tabora.

Kwaheri, mtani wangu. Kilomita hamsini na nane ni zako halali, nitazitetea mbele ya mtu yeyote. Zile kumi na mbili nilikudhulumu, kwa sababu ungeweza kuzibeba na mimi sikukupa nafasi. Ulikuwa mtu wa kuamshwa. Nisamehe kwa hilo. Kila Alhamisi naondoka na Tatu kwenda Sikonge, na ninakuahidi: siku ile chaji itakapomwishia njiani, kwa sababu siku hiyo itakuja, nitasimamisha, nitashuka, nitamgusa bega, nitamwambia.

Mtani wako,
Kondo